Dereva wa Ngano

Mwezi wa kwanza nilipopanga chumba kwake pale kijijini Daudi, nilidhani Dereva hasikii vizuri. Ukimwamkia shikamoo hakuitikia papo hapo. Aliinamisha kichwa upande, akanyamaza kidogo, ndipo akasema, "Marahaba, Mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye bado anasikiliza kitu kingine. Kumbe alikuwa anasikia kuliko sisi wote. Karibu maisha yake yote ya kazi aliendesha kombaini ya kuvunia ngano katika mashamba makubwa ya Hanang, na kule alijifunza kwamba mashine husema kabla ya kuharibika. Lori la vitunguu saumu likipita kwenda Karatu, aliacha alichokuwa anafanya, akasikiliza. "Huyo hafiki," alisema. Jioni tulimkuta mwenye lori ameegesha kilomita mbili mbele, boneti imefunguliwa, anaomba maji.

Watu wote walimwita Dereva, hata watoto ambao hawakuwahi kumwona akiendesha kitu kikubwa kuliko toroli. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Alikohoa kikohozi kikavu cha vumbi la makapi. Alipokata kona hata kwa miguu, alizunguka mbali sana, kama mtu aliye na kitu kipana mbele yake ambacho anaogopa kisigonge ukuta. Tulicheka jambo hilo, mimi na mkewe. Mkewe alikuwa anaitwa Mama Neema, kwa jina la binti yao wa pekee aliyefanya kazi hotelini Arusha.

Kwa watu hakuwa na subira. Fundi akikosea kupima mbao mara moja, alimfokea mbele za wenzake. Lakini redio yake iliyokuwa mbovu mwaka mzima aliibembeleza kwa maneno ya upole ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia binadamu, isipokuwa mkewe, na hata huyo ni katika miaka ile ya mwisho tu.

Nilipofika, Mama Neema alikuwa mifupa mitupu. Tumbo lilimjaa kama la mjamzito, miguu ikawa kama ya ndege. Alikwenda chooni mara nyingi hata tukaacha kuhesabu. Alikuwa na tabia ya kushika ukuta kila alipopita, na ukuta wa korido ulikuwa umeng'aa kwa viganja vyake. Hata hivyo alikuwa mcheshi. Aliniuliza habari za Singida, kwetu, kama kweli tunakula mlenda kila siku ya Mungu. Nikamjibu kwamba Jumapili tunapumzika.

Sikumaliza hata wiki, mama aliyekuwa akituletea maziwa alinivuta nyuma ya nyumba. "Mwalimu, wewe ni mgeni, acha nikuambie," alisema. "Yule mama alilishwa kitu. Na mdogo wake mwenyewe, wa tumbo moja. Dereva mwenyewe ndiye aliyemkamata."

Habari hiyo nilisimuliwa na watu wengi kabla ya kuisikia kwa Dereva mwenyewe, na wote waliisimulia kwa namna moja, maana wote walikuwepo.

Mdogo wake Mama Neema aliitwa Pascalina. Aliishi nao tangu akiwa msichana, akapika, akafua, akamlea Neema. Dereva kila msimu wa mavuno alirudi kutoka Hanang na gunia la ngano begani. Hakuna kitu alichojivunia kama gunia lile. Jirani zake walikula ugali na makande, nyumba yake ilikula chapati na mkate wa chai. Pascalina ndiye aliyekuwa na mkono wa chapati, laini, zenye kufunguka tabaka tabaka. Mama Neema alizipenda kuliko chochote. Halafu akaanza kuugua.

Walizunguka zahanati na vituo vya afya. Minyoo, walisema. Amiba. Vidonda vya tumbo. Dawa hazikusaidia. Ndipo Dereva akaanza kufanya alichokijua, kutega sikio na kungoja mashine iseme. Akagundua jambo. Mkewe akila ugali wa jirani msibani, siku hiyo analala vizuri. Akila chapati za Pascalina, kesho yake haamki. Pascalina alipokwenda kumuuguza mama yao huko Tumati wiki tatu, na nyumba ikawa inakula viazi kwa sababu Dereva hakujua kupika kingine, Mama Neema alipata nafuu mpaka akalima bustani. Pascalina akarudi, akampikia dada yake chapati za furaha. Usiku ule ule Mama Neema akazidiwa.

Asubuhi Dereva aliita majirani uani. Akamweka Pascalina katikati, akampa chapati iliyobaki. "Kula," akamwambia. Pascalina akala yote, mbele za watu wote, machozi yakimtoka, akitafuna. Hakupatwa na kitu. Dereva akasema, "Mmeona? Dawa yake haimdhuru mwenyewe." Akatoa kifurushi cha nguo za Pascalina, akakitupa nje ya ua. Mama Neema alikuwa kitandani hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Alisikia yote kupitia dirishani.

Pascalina aliondoka kwa miguu kuelekea Mbulu mjini. Simu yake haikupatikana tena. Na Mama Neema hakupona, lakini watu walikuwa na jibu la hilo pia: walisema ameshalishwa, kilichoingia kimeingia.

Miaka minne baadaye, mimi nikiwa nimekaa pale mwaka mmoja na kitu, Neema alikuja na gari la kukodi, akamchukua mama yake pamoja na Dereva mpaka hospitali kubwa ya nje ya mkoa. Walikaa huko wiki mbili. Waliporudi, Dereva hakuingia ndani. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wangu akiwa bado na koti la safari.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe unafundisha baiolojia. Ndani ya ngano mna nini?"

Nikamweleza kwa njia rahisi, kama ninavyowaeleza wanafunzi. Kwamba katika ngano mna kitu kinachoshikamanisha unga. Ukiukanda unavutika, hauvunjiki, na ukiweka hamira unavimba, unashika hewa.

"Hicho ndicho kinachofanya chapati ivutike?"

"Hicho hicho, mzee."

"Na kuna watu miili yao inakikataa."

"Wapo. Wachache. Utumbo wao unaharibika kidogo kidogo, hawapati nguvu ya chakula. Ndivyo daktari alivyosema?"

Aliinamisha kichwa upande kama kawaida yake, akasikiliza. Ndani Neema alikuwa anamsaidia mama yake kuvua viatu.

"Chapati," alisema. Kisha, "Mwalimu, mimi niliona kweli. Nikasema uongo."

Tangu siku hiyo maneno hayo yalikuwa ndiyo maneno yake. Aliyasema akichonga mpini, akingoja maji yachemke. Hakumwambia mtu, yalimtoka tu.

Hapo ndipo ilipoingia mashine ya kuokea mkate. Katika hoteli alikofanya kazi Neema walikuwa wakija wageni wasiokula ngano, na hoteli iliponunua mashine mpya, ile ya zamani akapewa Neema. Ilikuwa sanduku jeupe lenye ukubwa wa ndoo, na kifuniko chenye kidirisha. Ndani mna sufuria ndogo ya mraba, na chini ya sufuria kipande cha chuma cha kukandia ambacho Dereva alikiita panga. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani. Dereva alikifungua, akakifunga, akakiweka kabatini. "Itasema yenyewe," alisema.

Nilimuuliza kwa nini ahangaike. Viazi vipo, ugali upo, wali upo. Mama Neema angeweza kuishi vizuri bila mkate. Alinitazama kama nimemtukana.

"Daudi hapa ni baridi, Mwalimu. Asubuhi mtu anataka chai na mkate. Nimemlisha sumu kwa miaka yote hiyo kwa majivuno. Leo nimwambie, haya, kula kiazi, umekoma?"

Mkate wa kwanza ulitoka kama tofali. Aliukata kwa shoka. Kuku waliudonoa mara mbili, wakaondoka. Wa pili ulivimba vizuri, tukafurahi, halafu ukadidimia katikati mbele ya macho yetu kupitia kile kidirisha, na Dereva akashika kichwa kama aliyeona mtu anazama. Alijaribu unga wa mchele, wa mtama, wa ulezi, wa muhogo. Wa mchele peke yake ulimomonyoka kama mchanga. Wa muhogo ulinata kwenye meno. Kila mara alivuta kigoda, akaketi karibu na mashine, akasikiliza panga likizunguka. "Inateleza, haishiki," alisema. Au, "Mzigo umezidi." Alijifunza kufungua kifuniko na kukwangua pembeni kwa mwiko, maana unga usio na ngano hauwi donge. Unabaki kama uji mzito, na mashine ile ilitengenezwa ikitegemea donge. Alijifunza kulitoa panga kabla ya mkate kuumuka. Alijifunza kwamba uumuke mara moja tu. Ukiungoja mara mbili, unachoka.

Mlenda ulitoka kwangu. Nilikuwa nimeletewa kutoka nyumbani mlenda uliokaushwa na kusagwa, nikamwona Mama Neema akiuvuta kwenye kijiko na kucheka jinsi usivyokatika. Nikasema kwa utani tu, "Mzee, si huu hapa unavutika?" Dereva alisimama. Kesho yake aliweka vijiko viwili kwenye unga wa mtama na mchele, mayai matatu, mafuta, hamira na maji ya uvuguvugu. Mkate ulitoka na rangi ya majani yaliyofifia. Ulikuwa umesimama. Aliukata vipande vyembamba, havikumomonyoka. Mama Neema alichovya kwenye chai, akala, akafumba macho.

"Una ladha ya mboga," alisema.

"Mbaya?"

"Sijasema mbaya. Nipe kingine."

Alikula vipande vinne. Dereva alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya zizi. Sikumfuata.

Lakini baada ya wiki mbili Mama Neema aliumwa tena, vilevile kama zamani. Nakumbuka sura ya Dereva asubuhi ile. Haikuwa hofu ya mgonjwa tu. Alikuwa mtu ambaye ameona kivuli cha shemeji aliyemfukuza kimerudi na kukaa jikoni, mahali ambapo sasa alikuwa anapika yeye mwenyewe, na hapakuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa. Alikaa siku nzima bila kula. Jioni aligonga mlango wangu.

"Kule kwenye mashine ya kusaga," alisema. "Wanasaga nini kabla ya mtama wangu?"

Tulikwenda pamoja kuuliza. Walisaga mahindi, na ngano za watu pia, kwenye kinu kile kile. Dereva alifunga macho. "Mimi mwenyewe," alisema, "nikitoka shamba la ngano kwenda la shayiri nilikuwa naisafisha kombaini siku nzima. Nafungua kila kifuniko. Mashine haisahau kilichopita ndani yake. Najua hilo. Najua, na sikufikiri."

Tangu hapo alitwanga kwa mikono. Alinunua kinu kipya cha mti na mchi, akasimama uani kila Ijumaa mchana akitwanga mtama, mzee wa ovaroli, na wanawake waliopita kwenda sokoni walisimama kabisa kumtazama. Wengine walicheka kwa sauti. Mwanamume anatwanga na mkewe amekaa kivulini! Hakuwajali. Alichekecha unga kwenye kitambaa, akatwanga tena chenga zilizobaki, akachekecha tena. Viganja vyake vilipasuka. Mama Neema alikaa karibu yake akichambua mchele, na polepole, mwezi kwa mwezi, mashavu yake yalirudi. Alianza kutembea bila kushika ukuta. Alilima tena bustani.

Ilikuwa miaka miwili mizuri. Nasema mizuri, ingawa kulikuwa na kitu katika nyumba ile ambacho hakikutajwa, na kila mmoja alikipita kwa mbali, kama Dereva anavyokata kona. Akisikia harufu ya chapati kutoka kwa jirani, aliinuka, akaingia ndani, akafunga dirisha. Chumba cha Pascalina hakikutumika. Kamba yake ya kuanikia nguo ilibaki imefungwa pale, na hakuna aliyeanika kitu juu yake, hata msimu wa mvua tulipokosa nafasi.

Alijaribu kuyarudisha maneno yake. Hilo nilishuhudia. Kwenye mkutano wa kijiji, walipofika kwenye mengineyo, Dereva alisimama akavua kofia. Akasema yale aliyoyasema juu ya shemeji yake hayakuwa kweli, kwamba ni ngano, ngano yake mwenyewe, na daktari amethibitisha. Alisema kwa kifupi na kwa sauti kubwa mno, kama mtu aliyezoea kusemea juu ya injini. Mtu mmoja akakohoa. Mwenyekiti alimshukuru, akaita hoja ya bomba la maji. Tulipokuwa tunarudi, yule mama wa maziwa aliniambia chinichini, "Sawa, ngano. Lakini yule dada naye alikuwa na macho fulani." Dereva alikuwa hatua kumi mbele yetu. Nilijua amesikia, kwa jinsi shingo yake ilivyokaza.

Mama Neema alikufa mwezi wa saba, wakati wa baridi kali. Ulikuwa uvimbe kwenye utumbo, ambao madaktari walisema huenda ulianza zamani, katika ile miaka ya ngano. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa anakula kipande cha mkate wake na chai. Dereva alikuwa na kawaida ya kusema "Tayari" mashine ilipolia kwamba imemaliza. Alisema kwa sauti ya kupeleka neno chumba cha pili, ili mkewe asikie.

Baada ya mazishi, Neema alipokwisha kurudi Arusha, Jumamosi ya kwanza nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari. Nikasikia panga linazunguka. Nikasikia linanyamaza kwa muda wa kuumuka, halafu harufu ya mtama ulioiva ikapita chini ya mlango. Mashine ikalia. Na Dereva akasema, "Tayari."

Nikasikia kiti kinavutwa.

Alifanya hivyo kila Jumamosi. Aliukata mkate, akaweka kipande kwenye sahani ya bati ya mkewe, akakaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Baadaye aliniletea ule mkate wote. Niliula. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa mwanzo, maana mkono wake ulikuwa umezoea, lakini sikuwahi kuula bila kuhisi kwamba nimeketi kwenye kiti cha mtu. Siku moja nilimwambia, "Mzee, pumzika kidogo. Si lazima kila wiki." Akanijibu bila hasira, "Nikiacha, kunakuwa kimya. Na kukiwa kimya namsikia anatafuna." Nilidhani anamsema mkewe. Nilichelewa sana kuelewa kwamba alimsema Pascalina, pale uani, na ile chapati.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa shule nyingine, Tumati. Tuliagana vizuri. Alinifungia mkate kwenye gazeti.

Haukupita mwaka, siku ya Ijumaa wakati wa mapumziko ya saa nne, nilimwona anaingia lango la shule. Alizunguka mlingoti wa bendera kwa mbali, akaja moja kwa moja mpaka mlango wa ofisi ya walimu. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa kitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nataka unisindikize kesho. Yaeda Chini."

"Kuna nini Yaeda Chini?"

"Pascalina yuko kule. Anapika katika shule ya msingi."

Nilimuuliza amejuaje. Akasema mnunuzi wa ng'ombe alimwambia. Nikamuuliza kwa nini mimi na si Neema, wala jirani zake wa miaka yote.

"Wewe hukuwepo siku ile," alisema. "Wengine wote walikuwepo. Na nikienda peke yangu nitarudi njiani. Nimesharudi mara tatu."

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Kutoka nyanda za juu njia inashuka kwa mawe na makorongo, joto linapanda kadiri unavyoshuka, mpaka koti ulilovaa asubuhi linakuwa adhabu. Chini ni tambarare, vumbi jeupe, miiba, na ng'ombe wanaotembea mbali kama vidoti. Dereva alishika kikapu kifuani njia nzima. Mara mbili alimwambia kijana wa pikipiki asimame, na mara mbili nilishuka kwenye yangu, nikasimama mbele yake bila kusema kitu mpaka alipoashiria twende.

Pascalina alikuwa anaishi nyuma ya jiko la shule, nyumba ya chumba kimoja iliyofagiwa vizuri. Mwanamke mrefu, kitambaa cheusi kichwani. Alimtambua Dereva kabla hatujashuka. Alifuta mikono kwenye kanga, akatusogelea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, shemeji."

Dereva alifungua mdomo. Marahaba haikutoka.

Tukakaribishwa ndani. Akatupa maji ya kunywa, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akangoja. Alisema alikwishasikia kifo cha dada yake, mnadani, wakati matanga yamekwisha. Dereva akaweka kikapu sakafuni, akafunua mkate, na akaanza kueleza. Alieleza vizuri kuliko pale mkutanoni. Ngano. Utumbo. Daktari. Wiki tatu za viazi. Chapati. Alieleza kama fundi anavyoeleza ajali: kitu hiki kiligusa hiki, kikasukuma hiki. Mwisho akasema, "Ilikuwa ngano yangu. Wewe ulipika tu nilicholeta. Niliona kweli, nikasema uongo."

Pascalina alikuwa anaangalia mkate, hakuugusa.

"Dada alijua?" aliuliza. "Kwamba si mimi. Alikufa akijua?"

"Alijua. Miaka miwili alijua."

"Miaka miwili." Alirudia polepole. "Na hakunitafuta?"

Nilitaka kumjibu mimi. Nilitaka kusema simu haikupatikana, kwamba Neema aliuliza kila mahali, hakuna aliyejua aliko. Nilikwisha kufungua mdomo, Dereva akainua mkono.

"Alikutafuta," alisema. "Mnunuzi wa ng'ombe aliniambia uko hapa kabla dada yako hajafa. Mwaka mzima kabla. Sikumwambia mke wangu. Aliniomba, mara nyingi, 'Ukisikia Pascalina yuko wapi, mwite.' Nikamwambia sijasikia. Niliogopa ukija utakaa mezani pangu, nikuone unakula." Akavuta pumzi, kile kikohozi kikamshika, kikapita. "Nilimnyima. Hilo ndilo nililokuja kusema. Yale ya ngano ungeweza kuyasikia kwa mtu yeyote."

Nilimtazama mtu niliyeishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo. Nilikuwa sijui. Zile Jumamosi zote, ile sahani, nilidhani ni majonzi ya mume.

Pascalina hakulia wala hakumfukuza. Nje watoto wa watu walikuwa wanapita na ndoo za maji. Kisha aliuliza, "Alisemaje? Akisema niitwe. Maneno yenyewe."

"Alisema, mwite Pascalina aje anisuke. Hakuna mwingine anayejua kichwa changu."

"Rudia."

Akarudia.

"Hapana," alisema Pascalina. "Dada hakusema na wewe Kiswahili ndani ya nyumba. Sema alivyosema."

Dereva alinitazama, kama anayeomba ruhusa, halafu akasema kwa Kiiraqw, lugha ya kwao. Ilikuwa sentensi fupi, iliyopanda katikati na kushuka mwishoni. Mimi sikuelewa hata neno moja, isipokuwa jina. Pascalina alishika kitambaa chake kwa mikono yote miwili, akakivua. Nywele zake zilikuwa fupi, zina mvi, hazijasukwa.

"Mwalimu," aliniambia bila kunitazama, "tafadhali nenda ukakae na vijana wa pikipiki. Waambie wasubiri."

Nilitoka, nikasimama juani karibu na ukuta. Sikutaka kusikiliza, lakini mlango ulikuwa wazi. Dereva aliyasema tena maneno yale, na Pascalina akamkatiza, akamsahihisha mahali fulani, labda sauti haikuwa ya dada yake pale. Akayasema tena. Akakatizwa tena. Vijana wa pikipiki waliniuliza kama tutakawia. Niliwaambia sijui. Tuliondoka jua limeinama, na mpaka dakika ile Pascalina alikuwa bado anamfundisha jinsi ya kuyasema.